Rentner: neno la matajiri lililoingia nyumba ya watumikaji

Mwanafunzi wa seminari anayejifunza Kijerumani, ili asome waalimu wakubwa wa teolojia katika luga yao wenyewe, atakutana siku moja na neno Rentner. Akilitafuta katika kamusi ya siku hizi ataambiwa: ni muzee aliyeacha kazi na anayelipwa pansyoni. Lakini akifungua kitabu kilichoandikwa mbele ya mwaka 1880, maana hiyo itamupoteza. Mule Rentner ni mutu mwenye mali, asiyetumika kwa mikono yake, anayekula faida ya feza yake tu. Anaweza kuwa kijana wa miaka 25 mwenye afya nzuri, anayetembea barabarani na fimbo ya fahari huku wengine wakienda kiwandani.

Neno ni moja, herufi ni zile zile, lakini mutu amegeuka kabisa. Wa kwanza alikaa juu ya watumikaji. Wa pili ametoka kati yao. Tumeona vema kueleza katika kurasa hizi namna neno hili lilivyohama, wala si kwa kupenda kuchezacheza na maneno. Ndani ya safari yake mumefichwa ulizo ambalo kila padri wa paroki na kila katekista analikuta mulangoni pake: muzee asiye na nguvu tena ya kutumika, mukate anaopewa ni sadaka, ao ni haki yake?

Shina la neno ni Kilatini. Reddere maana yake ni kurudisha, kutoa kile kinachopaswa kutolewa. Ndilo neno ambalo Vulgata inatumia pale Bwana wetu alipowajibu wale waliomutega juu ya kodi ya Kaisari (Mt. 22, 21), na kila aliyesoma Kilatini mwaka mumoja analifahamu. Watu wa kawaida walilipinda kidogo. Walizoea kusema prendere, kutwaa, basi wakasema vilevile rendere, kurudisha, na maneno yale mawili yakawa kama mapacha. Kutoka hapo likazaliwa neno kwa kile kinachorudishwa, na Wafaransa wakaliita rente. Wajerumani walilipokea kwa Wafaransa katika Miaka ya Kati, wakasema Rente. Na mutu anayeipokea wakamwita Rentner, sawa vile wanavyomwita mulinzi wa mulango Pförtner kutokana na Pforte, mulango.

Muangalie vizuri kwamba ndani ya neno hili hamna uzee wala mapumziko. Luga nyingine zilishika njia nyingine. Wafaransa wanasema retraite, maana yake kurudi nyuma, kujitenga. Ndiyo sababu sisi tunaosema retreti tukifikiri mafungo ya kiroho tunashangaa kidogo tunapomusikia mutu wa kampuni akisema kwamba ataingia retreti mwaka ujao na kwenda kufuga mbuzi. Waswahili wa pwani wanasema mstaafu, na neno lao limetoka katika Kiarabu, kuomba kuachiliwa. Wajerumani wenyewe wana neno Ruheständler, na Ruhe ni utulivu, pumziko. Lakini Rentner halisemi kwamba mutu amechoka, wala kwamba ameomba ruhusa. Linasema tu kwamba kuna kitu ambacho wengine wanapaswa kumurudishia. Ni neno la deni.

Deni la nani, na kwa sababu gani? Hapa tunapaswa kuingia kidogo katika teolojia ya moral, na wale wanaojifunza tractatus de iustitia watatufwata bila shida. Katika Miaka ya Kati Eklezya ilikataza riba: mukristo hakuruhusiwa kukopesha feza na kudai zaidi ya ile aliyotoa. Lakini miji ilihitaji feza kwa kujenga kuta, walimaji walihitaji feza kwa kununua ngombe, na wenye feza hawakupenda kuitoa bure. Basi desturi moja ikaenea katika Ujerumani na inchi jirani: kununua Rente. Tuseme mutu anatoa feza 100. Hakopeshi, ananunua haki ya kupokea feza 5 kila mwaka, na haki hiyo imefungwa juu ya shamba fulani ao nyumba fulani yenye kuzaa matunda. Mununuzi hana ruhusa hata siku moja kudai feza yake ya shina. Muuzaji, yeye, akitaka kujikomboa, anarudisha 100 na mambo yamekwisha.

Je, hii ilikuwa biashara safi, ao riba iliyovaa kanzu? Wanateolojia walibishana sana, na wadeni wengine walifurahi kusikia mabishano hayo, wakakataa kulipa. Maulizo yakafika Roma. Mwaka 1425 Baba Mutakatifu Martino V alijibu kwa ajili ya jimbo la Breslau kwamba mapatano ya namna hiyo ni halali, kama masharti yake yakishikwa. Mwaka 1455 Kalisto III alisema vivyo hivyo kwa majimbo mengine ya Ujerumani. Barua zote mbili zinasomwa ndani ya Corpus Iuris Canonici, katika Extravagantes communes. Mwaka 1569 Pio V akakaza masharti. Waandishi wengine wa nyakati zetu wanacheka na kusema kwamba Eklezya ilifumba macho. Sisi hatuoni hivyo. Tofauti ilikuwa ya kweli: mukopeshaji anaweza kumushika mudeni kooni siku anayotaka; mununuzi wa Rente hakuweza.

Miji ndiyo iliyouza Rente nyingi kupita wote. Muji wa Köln ulikuwa na wakubwa walioitwa Rentmeister, waliotunza mapato yake. Na kulikuwa na namna mbili. Rente ya milele, iliyorizishwa watoto na wajukuu, mara nyingi ilileta 5 kwa 100. Rente ya maisha, Leibrente, ililipwa mpaka mwenyewe alipokufa, basi ilileta zaidi, karibu 10 kwa 100. Mujane asiye na watoto, padri muzee asiye na jamaa, waliweza kuweka akiba yao katika hazina ya muji na kula kila mwaka mpaka kaburini. Hivi tangu zamani wazee walikuwa ndani ya neno hili. Lakini wazee wenye feza tu.

Wengine walienda kwa njia ya hospitali. Katika miji mingi, kama vile Nürnberg, kulikuwa na hospitali ya Roho Mutakatifu, na mutu aliyeitolea mali yake alipata mule kitanda, chakula, sala na mazishi. Aliitwa Pfründner, na wasomaji wetu watatambua ndugu ya neno hili: ni praebenda, lile fungu ambalo kanoniki anapewa kwa kazi yake ya kwaya. Vijijini, mulimaji aliyemwachia mwana wake shamba alijiwekea fungu lake, Altenteil: chumba, kuni, ngombe mumoja, magunia ya nafaka, wakati mwingine mpaka nafasi yake karibu na jiko wakati wa baridi. Mambo haya yote waliyaandika mbele ya mashahidi. Mutu anayeandika mayai mangapi mwana wake atamupa kwa juma, hapana shaka amekwisha kuwaona wazee wengine walionyimwa mayai.

Namna ya tatu ni ile ya watumishi wa mufalme. Wao walipewa Pension, kutoka kwa Kilatini pensio. Na pendere ni kupima kwa mizani, kwa maana zamani feza ilipimwa kwa uzito. Neno hili vilevile liko nyumbani katika Eklezya: Codex ya mwaka 1917, katika kanuni 979, ilitaja pensio kati ya titulus zinazoweza kumutegemeza padri asiye na beneficium. Huko Prussia sheria ya mwaka 1825 ilipanga Pension za watumishi wa serikali. Aliyeipokea aliitwa Pensionär, na jirani zake walimusalimia kwa kuvua kofia.

Sasa tufike katikati ya karne ya 19. Ujerumani inajaa viwanda na mashimo ya makaa. Mwenye nyumba za kupangisha, mwenye makaratasi ya deni la serikali, anaitwa Rentner, na wengine wakitaka kusema kwa madaha wanatwaa neno la Kifaransa lenyewe, Rentier. Mutumishi wa mufalme ana Pension yake. Na mutumikaji wa kiwanda, aliyeanza kazi akiwa mutoto na kuvunjika mugongo akiwa na miaka 55? Yeye aliweza kukaa kwa watoto wake, kama walikuwa na nafasi. La sivyo alikwenda kuomba kwa wakubwa wa kijiji ao muji, na musaada ule uliitwa Armenpflege, matunzo ya maskini. Ulikuwa mudogo, na ulikuwa na uchungu ambao wengi wamesahau. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1869 ilisema kwamba mutu anayekula musaada wa maskini kutoka kwa serikali ao kijiji hana ruhusa ya kupiga kura. Alipewa mukate na kunyanganywa sauti, siku ile ile.

Watumikaji walikasirika, na chama cha wasosialisti kikaongezeka. Kati ya Wakatoliki, Wilhelm Emmanuel von Ketteler, askofu wa Mainz, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1864 kitabu kizima juu ya shida ya watumikaji na ukristo. Bismarck, mukubwa wa serikali, kwanza alishika fimbo: mwaka 1878 aliweka sheria ya kuwakataza wasosialisti. Halafu akatafuta dawa nyingine. Tarehe 17 Novemba 1881 barua ya mufalme mukuu Wilhelm wa Kwanza ilisomwa mbele ya baraza la Reichstag, ikitangaza bima kwa watumikaji. Bima ya ugonjwa ilikuja mwaka 1883, ile ya hasara za kazini mwaka 1884. Na mwisho, kwa shida kubwa, bima ya ulemavu na uzee.

Hapo ndipo neno letu lilipohama, na tunaweza karibu kutaja siku. Tarehe 18 Mei 1889 Bismarck alisimama katika baraza. Alikuwa na miaka 74, na alikuwa amekaa Paris mwaka 1862 kama balozi. Aliwaambia wajumbe kwamba aliishi Ufaransa muda wa kutosha kuona kwa nini watu wengi wa kule wanashikamana na serikali yao: ni kwa sababu wanapokea Rente kutoka kwake, na serikali ikianguka Rente itaanguka nayo. Basi, akasema, tukiwa na Rentner wadogo 700,000 wanaopokea Rente yao kutoka kwa Reich, hasa katika watu wasio na kitu kikubwa cha kupoteza, itakuwa faida kubwa sana. Rentner wadogo! Mule barazani Rentner wakubwa walikuwa wamekaa kwenye viti. Kumwita mutumikaji wa shimo la makaa kwa jina lao kulikuwa kama kumuvalisha koti la bwana.

Tusijidanganye juu ya nia yake. Bismarck hakutaka kutimiza neno la Injili juu ya maskini. Alitaka kuwanunua watumikaji ili wasiwafwate wasosialisti, na yeye mwenyewe hakuficha jambo hilo. Lakini neno alilolichagua lilikuwa na nguvu kupita nia yake. Hakusema Unterstützung, musaada, kwa maana musaada ulinuka Armenpflege. Rente si zawadi. Na kweli, feza ya bima haikuhesabiwa kuwa musaada wa maskini, na aliyeipokea hakupoteza kura yake.

Baraza lilipiga kura tarehe 24 Mei: 185 walikubali, 165 walikataa. Wasomaji wetu watashangaa kusikia Wakatoliki walisimama upande gani. Wajumbe wengi wa chama chao, Zentrum, walikataa, pamoja na kiongozi wao Ludwig Windthorst; wachache tu, pamoja na Georg von Franckenstein, walikubali, na bila wao sheria haingepita. Wengine wamewalaumu Wakatoliki wale kwamba walikuwa na moyo mugumu. Lakini tukumbuke kwamba haikupita miaka mingi tangu serikali ile ile ifukuze watawa, ifunge seminari na kuweka maaskofu gerezani wakati wa Kulturkampf. Walikuwa wameona mukono wa serikali ukishika vitu vya Eklezya. Waliogopa kuuona ukishika vilevile mufuko wa kila mutumikaji. Tunaelewa hofu yao. Hata hivyo tunazani Franckenstein aliona vema kuliko Windthorst.

Sheria ilitiwa sahihi tarehe 22 Juni 1889 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 1891. Bismarck hakuwa tena na madaraka siku ile, kwani mufalme mupya alimwondoa katika Machi 1890. Miezi mine na nusu nyuma ya kuanza kwake, tarehe 15 Mei 1891, Leo XIII akatoa Rerum novarum.

Ilitumika namna hii. Kila mutumikaji alikuwa na karte yake, na kila juma timbri moja ilibandikwa juu yake, ya pfennig 14 kwa mushahara wa chini na ya 30 kwa mushahara wa juu. Nusu ilitoka kwa mutumikaji, nusu kwa bwana wa kazi. Watu waliita sheria hii kwa kicheko «sheria ya gundi». Aliyelipa miaka 30, majuma 47 kila mwaka, akifika miaka 70 alipewa Rente ya uzee. Serikali iliongeza marki 50. Yote pamoja, wa chini kabisa alipata marki 106 na pfennig 40 kwa mwaka. Wa juu kabisa marki 191. Hakuna aliyeweza kuishi peke yake kwa feza hiyo, maana hata wa daraja la chini alihesabiwa mushahara wa mpaka marki 350. Lakini muzee aliyekaa pembeni ya meza ya mwana wake sasa alikuja mezani na kitu mukononi.

Watu wengi wanaandika kwamba Bismarck ndiye aliyechagua miaka 65. Si kweli. Alichagua 70, na ni mwaka 1916 tu, katikati ya vita, sheria ilipoishusha mpaka 65. Wengi hawakufika huko. Kwa hiyo mbele ya vita ile waliopokea Rente kwa sababu ya ulemavu walikuwa wengi kuliko waliopokea kwa sababu ya uzee. Mwaka 1911 sheria ilikumbuka wajane na yatima, na katika mwaka ule ule waandishi na makarani walipata bima yao wenyewe.

Kwa muda wa miaka 30 hivi, Rentner walikuwa wa namna mbili, wakubwa kwa wadogo, na neno liliwabeba wote. Ni vita ya 1914-1918 na matokeo yake yaliyowatenganisha. Wenye akiba walikuwa wameikopesha serikali kwa kulipa vita. Nyuma ya vita feza ilianza kupoteza nguvu, kwanza polepole, halafu kama jiwe linaloanguka mulimani. Katika Novemba 1923 dola moja ya Amerika ilinunuliwa kwa marki 4,200,000,000,000. Wasomaji wetu waliokuwa na akiba wakati ule zaïre 3,000,000 za zamani zilipobadilishwa kwa zaïre mupya moja, mwaka 1993, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mujane wa daktari, mwalimu aliyeweka akiba miaka 40, mutoto wa kike wa askari aliyerizi makaratasi ya serikali, wote waliamka asubuhi moja na kuona kwamba Rente yao ya mwaka mzima hainunui mukate mumoja. Serikali iliwapa jina jipya, Kleinrentner, Rentner wadogo, na kwa sheria ya tarehe 4 Februari 1923 ikaanza kuwapa musaada.

Waliona haya kubwa. Walilalamika kwamba wanasimamishwa pamoja na maskini wa Armenpflege, wao waliokuwa watu wa heshima. Na jina lile, «Rentner wadogo», ambalo Bismarck aliwaahidia watumikaji kama heshima, sasa lilikuwa jina la matajiri walioanguka. Mutumikaji wa zamani aliitwa Sozialrentner. Hazina za bima yake ziliumia vilevile, akateswa kama wengine. Lakini yeye alikuwa na kitu ambacho tajiri hakuwa nacho: vijana waliendelea kubandika timbri kila juma. Rente yake haikusimama juu ya karatasi, ilisimama juu ya watu wanaotumika.

Jambo moja la ajabu tusilipite. Feza mupya iliyokomesha mateso yale, kuanzia Novemba 1923, iliitwa Rentenmark. Marki moja ya namna hiyo ilikuwa sawa na marki 1,000,000,000,000 za karatasi, na iliegemezwa juu ya deni lililowekwa juu ya mashamba na viwanda vya inchi. Hii ni mawazo yale yale ya karne ya 15, Rente iliyofungwa juu ya ardi yenye kuzaa.

Tangu pale Rentner tajiri alitoweka polepole, na leo akitajwa Rentner, Mujerumani anamuona muzee wa kazi, bila kuongeza neno lingine. Kwa wenye kuishi juu ya mali yao amebaki Rentier wa Kifaransa tu. Watumishi wa serikali wameshika Pension yao na jina lao la Pensionär mpaka leo, na Rentner huwatazama kwa wivu kidogo, kwa maana Pension ni kubwa kuliko Rente. Huko Austria hawana shida hiyo: wote wanaitwa Pensionist.

Nyuma ya vita ya pili Rente zilikuwa tena ndogo sana, na mwaka 1957 serikali ya Konrad Adenauer ilizipandisha kwa zaidi ya nusu na kuzifunga pamoja na mushahara: watumikaji wakipata zaidi, wazee watapata zaidi vilevile. Mawazo makubwa ya mabadiliko haya yalitoka kwa Wilfrid Schreiber, mwandishi wa chama cha mabwana wa kazi Wakatoliki, aliyeyatangaza mwaka 1955. Alieleza kwamba hakuna muzee anayekula akiba yake ya zamani; kila muzee anakula kazi ya wale wanaotumika leo, kama vile yeye alivyowalisha wazee wa wakati wake. Ni mapatano kati ya vizazi. Lakini Schreiber alitaka mapatano ya vizazi vitatu: watumikaji wawalishe wazee, nao vilevile wawapatie watoto Rente yao, ili wenye kulea wasiumie. Adenauer alishika fungu la wazee na kuliacha lile la watoto. Katika mwaka ule ule wa 1955 maprofesa wane, na kati yao padri Joseph Höffner, aliyekuwa baadaye kardinali wa Köln, walimwandikia Adenauer juu ya kupanga upya mambo haya. Hivyo Wakatoliki waliosema hapana mwaka 1889 walikuwa na watoto na wajukuu waliobeba kazi yenyewe. Siku hizi wazaliwa wa mwaka 1964 na wale wanaowafwata watangojea mpaka miaka 67, kufwatana na sheria ya mwaka 2007.

Katika upande wa mashariki wa Ujerumani, wakati wa ukomunisti, neno lilipata ladha nyingine tena. Tangu Novemba 1964 Rentner, wanaume wa miaka 65 na wanawake wa miaka 60, waliruhusiwa kuvuka mupaka na kutembelea jamaa zao upande wa magaribi, wakati vijana waliojaribu kuvuka walipigwa risasi. Serikali haikuogopa kumupoteza muzee. Asiporudi, ni Rente moja iliyobaki katika hazina. Lile neno la deni liligeuka kuwa pasiporti.

Mwaka 2013 Mujerumani aliyejulikana kupita wote aliacha kazi yake, akiwa na miaka 85. Benedikto XVI hakuitwa Rentner wala Pensionär. Alishika jina ambalo maprofesa wa Ujerumani na maaskofu wa Eklezya wanalitumia pamoja, emeritus, ambalo zamani lilikuwa la askari wa Roma aliyemaliza miaka yake ya utumishi. Codex ya mwaka 1983 inalitoa kwa askofu katika kanuni 402.

Kwetu Kongo, sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliyounda INSS, ambayo leo ni CNSS, ilifwata njia ya timbri zile za mwaka 1891: mutumikaji anatoa, bwana wa kazi anatoa, na jina linaandikwa. Anayetumika katika kampuni ana namba yake. Padri, kanuni 281 inaamuru atunzwe akiwa mugonjwa, mulemavu ao muzee. Juu ya katekista aliyejitoa kwa kazi ya Eklezya kwa daima, usomwe kanuni 231, fungu la 2: inataja mushahara unaofaa, na kutunzwa katika siku zinazokuja, katika usalama wa maisha ya jamii na katika ugonjwa. Neno inalolitumia si caritas wala eleemosyna. Ni ius.